Pigo Linakwenda Wapi? Mazungumzo Kuhusu Jointi Iliyokwama

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi asubuhi uani kwangu, Tanga, mbele ya wenye magari ya zamani na vijana wanaojifunza umakanika.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema, maana jua la hapa likishapanda, chuma hakishikiki.

Mezani nimeweka vitu viwili. Hiki kirefu ni ekseli ya nyuma ya Kombi, lile basi dogo la Volkswagen, toleo la mwaka 1974. Jointi yake ya upande huu, yaani kile kiungo cha gololi kinachoiruhusu ekseli kukunjika huku ikizunguka, imegoma kutoka. Tangu Alhamisi nimeiacha hivyo kwa makusudi, ili leo tuitoe pamoja. Hiki kingine, kilichofungwa kwenye tambara, ni jointi niliyoiua kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba mzee uliyekaa mbele uipokee, uitazame, kisha umpe mwenzako. Angalieni ile fremu inayoshika gololi. Mtaona imepasuka mahali pawili.

Nianze na hiyo iliyokufa.

Ilitoka kwenye Kombi ya marehemu baba yangu. Ilibeba maharusi, ilibeba wagonjwa, ilibeba samaki kutoka Pangani enzi ambazo vumbi la njia ile lilikuwa linaingia hadi kwenye meno. Mwaka 2011 ilianza kugonga. Ukiondoka, nyuma inalia ko! Ukiachia mafuta, ko! tena. Nikaingia chini nikakuta buti la mpira, ule mfuko unaofunika jointi, limechanika mzunguko mzima, grisi imetoka yote, na ndani pamejaa mchanga na maji. Nikasema kazi hii naiweza. Nikafungua bolti, nikashusha ekseli, nikatoa sakilipu, ile pete ndogo ya chuma iliyokatwa inayozuia jointi isichomoke. Nikavuta jointi. Haikusogea hata unywele.

Nikafanya ambalo wengi wetu hulifanya. Nikafungua taya za jiliwa, nikaikalisha jointi juu yake kwa pete yake ya nje, ekseli ikaning'inia chini, nikachukua nyundo ya kilo mbili nikapiga kichwa cha ekseli. Pigo la kwanza kimya, la pili kimya. La tatu nikasikia mlio kama wa sahani ya udongo. Fremu ilipasuka, gololi zikaruka, moja nikaiokota chini ya pipa la maji baada ya magharibi. Jointi yenyewe ilikuwa bado palepale kwenye ekseli. Na kichwa cha ekseli kilikuwa kimefutuka kama uyoga.

Gari lile lilikaa juu ya stendi miezi saba kusubiri jointi nyingine. Baba alikuwa hai bado. Kila Ijumaa akitoka msikitini alipita kibarazani, akaliangalia, akaniuliza, "Mwanangu, bado?" Nami namjibu, "Bado, baba." Sijawahi kuisahau sauti ile, na ndiyo iliyonifanya nijifunze kazi hii vizuri. Waswahili tunasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jointi iliyoko dukani Ujerumani au Brazil haikusaidii chochote ukiwa umekwama Tanga. Ya kuipigania ni hii uliyonayo mkononi.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee wa Ngamiani. Nilimpelekea ile ekseli kwenye baiskeli. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaigeuza-geuza muda mrefu bila kusema neno. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuwa unapiga, pigo lilikuwa linakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akachukua chaki, akanichorea sakafuni pete mbili, moja ndani ya nyingine, na gololi sita katikati. Akasema nirudi kwake siku nitakayoweza kumwonyesha njia ya pigo kwa kidole.

Swali hilo ndilo nililowaitia leo. Nawaomba tulielewe kwa kuitazama jointi yenyewe.

Jointi hii ina pete ya nje, nzito, yenye matundu sita ya bolti. Ndani yake kuna pete ndogo, ambayo tundu lake la katikati lina meno yanayoumana na meno ya ekseli. Kati ya pete hizo mbili kuna gololi sita, kila moja kwenye mfereji wake, zikishikwa na fremu nyembamba. Nguvu ya injini hutoka pete moja, ikapita kwenye gololi, ikafika pete ya pili. Sasa niambieni: kati ya hivyo vyote, ni kipi kimeshikana na ekseli? Ni pete ya ndani peke yake. Pete ya nje haiigusi ekseli mahali popote. Kwa hiyo ukiikalisha jointi kwa pete ya nje ukapiga ekseli, pigo linatoka kwenye ekseli, linaingia pete ya ndani, linasukuma gololi, gololi zinaikandamiza fremu, na fremu ile ni nyembamba. Nguvu yako yote inaishia kwenye kitu dhaifu kuliko vyote, na penye kutu haifiki hata robo yake.

Hapo nataka kutoka nje ya mada kidogo, maana vijana huniuliza kwa nini Wajerumani walihangaika na gololi badala ya kuweka krosi, ile jointi ya umbo la msalaba, kama ya propela, ule mhimili mrefu wa chini ya gari. Jointi ya krosi ni kitu cha kale. Jina la Mtaliano Cardano wa karne ya 16 limebaki juu yake, na Mwingereza Robert Hooke aliishughulikia karne iliyofuata. Ina kasoro moja: ikikunjwa, upande unaoendeshwa hauendi kwa mwendo sawa. Katika kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa pembe ndogo huoni shida. Kwa gurudumu linalopanda na kushuka mashimoni, mtetemo wake unafika hadi kwenye kiti. Katika miaka ya 1920, Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alibuni jointi ya gololi ambazo kila wakati hukaa katikati ya ile pembe, na mwendo ukawa sawa pande zote mbili. Ilichukua miaka mingi kufika kwenye magari ya watu wa kawaida. Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 ndiyo iliyoifanya ienee.

Volkswagen walichelewa kidogo. Beetle zile zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962 zilikuwa na ekseli za kupepea, zinazokunjika pale penye giaboksi tu, na ndiyo maana ukiinyanyua Beetle ya zamani kwa jeki, magurudumu ya nyuma yanaingia ndani kama miguu ya mtoto anayejifunza kusimama. Kombi ya umbo jipya, iliyotoka Agosti 1967, ilipewa jointi mbili kila upande. Jumla nne. Gurudumu likabaki wima kila mahali, na sisi tukapata mabuti manne ya mpira ya kuyalinda. Kwangu mimi ni biashara nzuri.

Turudi kwenye kazi.

Kitu cha kwanza ni gari kukaa salama, na hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Mmezoea kuegesha kwa kuacha gia. Mkishafungua ekseli za Kombi, gia haishiki chochote, kwa sababu giaboksi na magurudumu havijuani tena. Breki ya mkono nayo inashika magurudumu ya nyuma, ambayo nyinyi mmeyanyanyua. Gari limebaki huru kabisa. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo pande zote, mbele na nyuma, kabla jeki haijagusa gari. Na gari likalie stendi za chuma. Tofali la saruji, hasa lile lenye matundu, halioneshi dalili. Linapasuka mara moja, na mtu yuko chini. Hili nalisema kwa uchungu, na ninaomba kila mmoja wenu aliseme nyumbani kwake.

Bolti ni za milimita 8, sita kila jointi, ishirini na nne gari zima. Baadhi zina kichwa cha alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 6, nyingine zina tundu la meno kumi na mawili, na alenki haifai hapo hata ikionekana inaingia. Kichwa kimejaa udongo na grisi iliyoganda. Chukua msumari, chokonoa hadi uone chuma cheupe chini kabisa, halafu gonga ufunguo uingie wote. Dakika tano za msumari zinakuepusha na siku nzima ya kutoboa bolti iliyofutika. Ukimaliza bolti za upande mmoja, zungusha gurudumu, nyingine zijitokeze. Ekseli ikitoka, ifunike kwa mfuko wa plastiki pande zote mbili, maana mchanga wa Tanga hauhitaji mwaliko.

Kisha unasogeza kifuniko cha bati cha buti nyuma, kwa tindo butu, ukigonga kidogo kidogo kwa kuzunguka. Unafuta grisi. Unaiona sakilipu kwenye kichwa cha ekseli. Hii inaweza kuwa ngumu kutoka, na sababu yake ni washa iliyobonyea kama kisahani, iliyoko nyuma ya pete ya ndani. Ile washa inasukuma pete kama springi, na pete inaibana sakilipu. Ukiisukuma pete ya ndani kurudi nyuma kidogo, sakilipu inalegea, koleo linaitoa. Ukiilazimisha bila kufanya hivyo, inaruka, na jicho ni moja kwa kila upande. Vaa miwani.

Sasa tumefika pale nilipofika mimi mwaka 2011. Sakilipu imetoka na jointi imegoma. Imeshikwa na nini? Na kutu kwenye meno, basi. Buti likiwa zima, meno yale yanaogelea kwenye grisi miaka yote na jointi inatoka kwa kugongwa mara mbili. Buti likichanika, hasa sisi tunaokaa karibu na bahari, maji ya chumvi yanaingia kwenye meno na hayana pa kutokea. Kutu hiyo ni unga mwekundu uliojishindilia penye nafasi ndogo kuliko unene wa karatasi.

Dawa yake ni muda. Nasafisha meno kwa brashi ya waya pale yanapoonekana, kisha naisimamisha ekseli wima, jointi ikiwa juu, nadondosha mafuta ya kupenya kuzunguka kichwa cha ekseli. Mimi natumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu, mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni. Unashika moto upesi sana, kwa hiyo mbali na jiko na sigara, na uchanganye kidogo kila mara. Mafuta ya taa yanafanya kazi pia, polepole zaidi. Nadondosha asubuhi na jioni, siku mbili. Kila nikipita, nagonga kichwa cha ekseli kidogo kwa kipande cha mninga, kugonga kwa mtu anayebisha hodi. Mtikisiko ule unayaalika mafuta yashuke.

Kuna kijana ameniuliza pale nje, kwa nini tusipashe moto kwa gesi, mbona gereji wanafanya? Mwanangu, kwa nati ya kawaida sikukatazi. Kwa jointi hii nakataa. Mifereji ile na gololi zile ni chuma kilichofanywa kigumu kwa moto uliopimwa kiwandani. Joto likipita nyuzi 200 hivi, ugumu unaanza kurudi nyuma, na mwali wa gesi unafika huko kabla hujakaa sawa. Jointi itatoka, utafurahi, utaifunga, na baada ya miezi michache mifereji itakuwa imelika kama sabuni. Umeokoa saa moja ukapoteza jointi.

Baada ya siku mbili, ndipo tunaikalisha. Hapa naomba msogee, mwone kwa macho. Hivi ni vipande viwili vya chuma bapa, unene milimita 12, nilivyovikata kwa msumeno na kuvinyoosha kwa tupa. Nafungua taya za jiliwa zipishe ekseli kwa nafasi ndogo tu. Vipande hivi nahakikisha vinaingia chini ya jointi, kimoja kila upande wa ekseli, hadi viguse pete ya ndani. Vinaikalia pete ya ndani peke yake. Pete ya nje naizungusha kwa mkono: inacheza? Inacheza. Basi haijabeba chochote, na hicho ndicho kipimo. Kama pete ya nje imebana, umekosea mahali, toa upange upya.

Chini ya ekseli naweka ndoo ya mchanga yenye tambara juu, kwa sababu jointi ikiachia, ekseli inashuka kwa kishindo, na jointi ya upande wa pili itapiga sakafu. Juu ya kichwa cha ekseli naweka kipande cha shaba au cha mninga. Nyundo ya chuma isiguse kichwa moja kwa moja hata mara moja. Kikishafutuka, meno yake yanakuwa mapana kuliko tundu, na hapo hata kutu ikiisha jointi haitoki. Ilibidi ile ekseli yangu niipige tupa jino kwa jino, siku nzima, ndipo ile pete ya ndani ikapita.

Halafu unapiga. Pigo moja zito lililonyooka lina faida kuliko ishirini ya kurukaruka. Sikiliza sauti. Jointi iliyogoma inatoa mlio wa juu, mkavu. Ikianza kuachia, mlio unashuka, unakuwa mzito, kama mlango wa mbao unaofungwa. Mtu akishausikia mara moja hausahau. Ukipiga mara tano bila mabadiliko ya sauti, acha. Rudisha mafuta, ngoja hadi kesho. Yule mzee wa Ngamiani aliwahi kuingoja jointi moja siku tisa, nikiwa namwona. Wateja wake walilalamika, lakini jointi ilitoka nzima. Kama kuna jirani mwenye presi ya kukamua beringi, mpelekee na vipande vyako hivi hivi, maana presi nayo haijui pete ya ndani na ya nje. Ukiikalisha vibaya itavunja fremu kwa ukimya kuliko nyundo.

Jointi ikishatoka, ioshe kwa mafuta ya taa, uikaushe, uitazame mifereji kwenye mwanga wa jua. Ukiona alama ya kung'aa tu, ni nzima. Ukiona vishimo ambavyo ukucha unanasa, imechoka. Vishimo mara nyingi vinakuwa upande mmoja wa mfereji, ule unaobeba mzigo gari likienda mbele, kwa hiyo ukihamisha ekseli ya kulia ikaenda kushoto, mzigo unahamia upande ambao haujalika. Wazee wa Kombi wameongeza miaka mingi kwa njia hiyo. Ukiitawanya jointi kuisafisha, usichanganye vipande vyake na vya jointi nyingine, kwa kuwa vililinganishwa pamoja kiwandani. Na ukiirudisha, tazama kuta zilizo kati ya mifereji: kuna pana na nyembamba. Pana ya pete ya nje ielekee nyembamba ya pete ya ndani. Ukikosea itaingia vizuri tu, lakini haitakunjika, na utadhani umeiharibu.

Kurudisha hakuna maneno mengi. Ile washa ya kisahani kwanza, halafu jointi, upande wa pete ya ndani uliokatwa pembe ukitazama katikati ya ekseli. Sakilipu uibane kwa koleo hadi ikae yote kwenye mfereji wake. Grisi iwe ya molibdeno, ile nyeusi, wala si ile ya kahawia ya beringi za magurudumu. Buti jipya, hata kama la zamani linaonekana zima. Bolti zikazwe kwa Nyutonmita 35 kwa spana ya kupimia, na vile vibati vya chini yake usiviache mezani. Baada ya safari ya kwanza ya maana, ingia tena chini ukazikaze, maana hulegea.

Mnaipokezana ile jointi bado? Imefika nyuma, vizuri. Huyo mama aliyeishika, nyooshea kidole ufa wa fremu, waone wenzako.

Sasa tuinuke. Jiliwa liko pale chini ya mwembe, ekseli imekunywa mafuta tangu Alhamisi, na ndoo ya mchanga iko tayari. Kabla sijampa yeyote nyundo, atanionyesha kwa kidole pigo linaanzia wapi, linapita wapi na linaishia wapi. Nani anaanza?